Msomaji Kauliza: Jiwe la Wino la Kichina

Toleo lililopita tuliweka picha ndogo tu ukurasa wa nyuma, jiwe la wino la Kichina, yaani jiwe la kusagia wino mkavu kwa maji, na mche wa wino pembeni yake, tukauliza nani anacho kitu kama hichi nyumbani. Barua zimekuja nyingi kweli, na nyingi zaidi zimetoka Pemba, na sababu iko wazi maana madaktari wa Kichina wanakuja visiwani kwetu tokea 1964 na wakimaliza muda wao huacha zawadi kwa waliofanya nao kazi. Nimechagua maswali ambayo nnaona yatawafaa na wengine wenye mawe haya makabatini.

Assalaam alaykum. Mie nilikuwa nesi, sasa nimestaafu nipo Wete. Nilifanya kazi na madaktari wa Kichina hospitali ya Mkoani, na mmoja alipoondoka alinipa kisanduku cha mbao, ndani mna jiwe rangi ya zambarau iliyofifia, pembeni limechongwa majani, na upande mmoja lina kishimo. Pamoja nalo kuna kitu kama kipande cha kaa kina maandishi ya dhahabu. Miaka yote liko kabatini. Sasa mjukuu wangu anaolewa, wifi yangu ananambia hilo ndo msio mzuri wa kusagia liwa kuliko wetu wa kawaida. Nilitumie au niwache?
*Bibi wa Wete*

Waalaykum salaam bibi yangu, shikamoo, na hongera sana kwa harusi ya mjukuu, Mungu ajaalie kheri. Ila liwa usisagie hapo nakuomba, katafuteni msio wa kawaida.

Wifi yako nnaelewa kwanini kafikiria hivo, maana kazi yenyewe inafanana, unatia maji kidogo juu ya jiwe, unasugua kitu kigumu mpaka kinatoa uji wake, msio unakupa liwa na hilo linakupa wino. Tofauti iko kwenye jiwe. Msio wetu ni wa matumbawe, una vitundu, unakwangua, na maji unayanywa. Jiwe la wino halitakiwi kunywa maji kabisa, kwa sababu likinywa basi wino unakauka kabla hujafika mstari wa pili, na meno yake ni madogo mno hata ukipitisha kidole unahisi laini tupu, lakini ukiweka mche wa wino juu yake unausikia unakamata. Sasa liwa ni msandali, na msandali una mafuta, yakishaingia kwenye yale meno mche utakuwa unateleza tu na wino hautoki, na kuyatoa mafuta ndani ya jiwe ni tabu kubwa. Utakuwa umeliua jiwe kwa liwa la siku moja.

Hicho ulichokiita kipande cha kaa ndo wino wenyewe. Wino wa Kichina wa asili ni mkavu. Wanachukua masizi ya kuni za msonobari, au masizi ya taa za mafuta yanayokusanywa kidogo kidogo kwenye bakuli lililofunikwa juu ya utambi, wanachanganya na gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi za wanyama, wengine wanatia kafuri au miski ili unukie, alafu wanaponda kwa nyundo muda mrefu, wanashindilia kwenye kalibu iliyochongwa maandishi, na baada ya hapo unaachwa ukauke taratibu kwa miezi. Ukikaushwa haraka unapasuka. Kwahiyo huo mche ulionao usiuweke juani wala karibu na feni, na kwa unyevu wa kwetu ukiona umeota ukungu ufute kwa kitambaa kikavu tu.

Nnachokuomba ni ulitumie kwa kazi yake. Lioshe kwa maji matupu bila sabuni, lifute. Tia maji kama nusu kijiko cha chai kwenye ile sehemu bapa, sio kwenye kishimo, na bibi maji yawe ya mvua au ya chupa, maana visima vyetu vingi vina chumvi na chumvi inaufanya wino ushikane vidonge vidonge. Shika mche wima, uzungushe pole pole juu ya maji bila kuukandamiza. Wachina wenyewe wana msemo kwamba burashi ishike kama mtu mwenye nguvu lakini wino usage kama mgonjwa, yaani mkono uwe mwepesi kabisa. Mwanzo maji yanakuwa ya kijivu na utaona kama hakuna kinachofanyika, usichoke, endelea, baadae yanaanza kuwa mazito na meusi, na utaona mche ukipita unaacha njia nyuma yake. Ile njia ikianza kuchelewa kuzibika ndo wino umeiva. Usukume kwa mche ushuke kwenye kishimo, tia maji mengine, endelea. Ukiwa na haraka ukakandamiza unapata wino wenye chembe chembe, na hata jiwe unalikwaruza.

Hiyo rangi ya zambarau bibi imenifurahisha sana, maana ndo rangi inayojulikana ya mawe ya Duan, na zambarau ile inatokana na madini ya chuma yaliyomo ndani. Yanatoka Zhaoqing, mkoa wa Guangdong, mji ambao zamani ukiitwa Duanzhou, na yanachongwa tokea enzi ya Tang iliyoanza 618 ikaisha 907. Shimo lililosifika kuliko yote liko chini ya usawa wa maji, kwahiyo zamani wachimbaji walikuwa wakisubiri msimu wa baridi mto ushuke, wanakaa kwa mstari ndani ya pango wanapasiana vyungu vya maji mkono kwa mkono kwa siku nyingi mpaka pakauke, ndo wanaingia kwa kuinama na taa zao. Kukata ni kwa patasi na nyundo, baruti haitumiki kwa sababu mshindo wake unalipasua jiwe ndani kwa ndani bila kuonekana nje. Na baada ya tabu yote hiyo sehemu kubwa ya jiwe inatupwa, fundi anaondoa kila penye ufa na kila penye ugumu usiolingana, anabakisha kidogo kilicho kizima, alafu anakaa analiangalia jiwe kwanza kabla hajaamua achonge nini, maana mchoro unafuata rangi na mistari iliyomo. Hayo majani yako pembeni inawezekana yanaficha kasoro, mafundi wazuri ndo wanavofanya na mie hilo nnalihesabu kuwa ni ufundi mkubwa.

Kama kadi za harusi hamjaandika majina, kaeni na mjukuu muandike kwa wino huo. Haufutiki kwa jua, na ukishakauka vizuri hata maji hauyaogopi sana.

Habari za kazi. Nina duka la vitu vya kale Mkunazini. Kuna mtu kaniletea mawe mawili ya wino, moja kubwa limechongwa majoka kila pahali, anasema ni la kale na anataka pesa nyingi, na jengine dogo halina kitu, limepondeka pembe, hilo ananiongeza tu. Ntajuaje la kweli?
*Muuza duka, Mji Mkongwe*

Salama kaka. Mie ningeanza kuliangalia lile dogo.

Majoka yasikubabaishe. Jiwe la wino thamani yake iko pale pa kusagia, na jiwe lililochongwa kila pahali mpaka pa kusagia pamebaki kama kiganja cha mtoto hilo limetengenezwa liuzwe kwa mgeni, hakuna muandishi analolitaka. Mengi ya aina hiyo sio hata mawe, ni unga wa mawe uliochanganywa na gundi ya plastiki ukamiminwa kwenye kalibu. Ligeuze uangalie kwa chini na pembeni, ukiona mstari wa kalibu au vitundu vidogo vya hewa basi mrudishie. Ukipata ruhusa ya mwenyewe gusa upande wa chini kwa sindano ya moto, jiwe halifanyi kitu, plastiki itayeyuka na itanuka.

Alafu lioshe. Mengi yanapakwa rangi au dawa ya viatu yaonekane ya kale, sasa likiwa limelowa uongo unatoka, na jiwe la kweli hapo ndo linaonesha uzuri wake, mistari na madoa yote yanatokeza. Mawe ya Duan mengine yana madoa ya duara wanayoyaita macho, ya kijani au manjano yenye kiini katikati, yanapendwa sana na yanapandisha bei, na kwa sababu hiyo hiyo kuna wajanja wanachimba tundu wanapachika jicho la jiwe jengine. Pitisha ukucha pembezoni mwa jicho usikie kama kuna kiungo.

Lipumulie pumzi ya mdomo. Jiwe zuri linafanya umande na umande unakaa. Tia tone la maji pale pa kusagia uliwache, ukirudi baada ya muda tone liwe bado lipo. Ligonge kwa kidole ukiwa umelishika kwa ncha za vidole vya mkono mwengine, la Duan linatoa sauti nzito ya mbao, na la She linalia kama chuma. Hayo ya She ni jamii ya mawe ya sleti, jina wamelipata kwa mji wa Shexian mkoa wa Anhui, ingawa mlima wenyewe wa Longwei siku hizi uko upande wa Jiangxi, ni meusi yanayoelekea buluu na mengine yana nukta za dhahabu ndani. Kuna na ya Tao, ya kijani, kutoka mto Tao mkoa wa Gansu. Na kuna Chengni ambayo sio jiwe, ni tope laini sana la mtoni linalochujwa kwa mifuko ya kitambaa, linafinyangwa, linachongwa na kuchomwa kwenye tanuri mpaka linakuwa gumu linashika maji. Hizo nne ndo zinazotajwa kuwa bora China nzima.

Jaribio la mwisho ni kusaga. Kachukue mche wa wino usage juu ya yote mawili. Lile dogo lenye pembe mbovu kama wino unatoka haraka na ni laini, linunue hilo, na kama chini yake kuna maandishi ya kuchongwa usiyasugue wala kuyatia rangi, maana wasomi wa Kichina walikuwa wakichonga mashairi, majina na tarehe chini ya mawe yao, na hayo maandishi yanaweza kuwa na thamani kuliko jiwe.

Mie ni mwanafunzi, nipo Tunguu. Nimesoma kwamba Wachina wanalihesabu jiwe hili katika vitu vinne vya thamani vya chumba cha msomi. Burashi, wino na karatasi nnaelewa, lakini jiwe? Na siku hizi wino wa chupa upo tele, sa kwanini wanaendelea kuyachonga?
*Mwanafunzi*

Swali zuri mwanangu, na umeligusa penyewe bila kujua. Hivo vitu vitatu vyengine vinaisha. Karatasi inajaa, mche wa wino unasagika mpaka unakuwa kibonge hakishikiki, burashi inachakaa nywele. Jiwe linabaki. Baba analitumia, mtoto analirithi, linauzwa, linazawadiwa, kila mmoja anachonga neno lake chini, kwahiyo unaweza kushika jiwe moja ukasoma mikono mitatu minne iliyolipitia. Mie sijui chombo chengine cha kuandikia kinachoweza hivo.

Na ni kitu cha zamani sana. Kwenye makaburi ya enzi ya Qin yaliyofukuliwa Shuihudi, mkoa wa Hubei, mwaka 1975 na 1976, kaburi moja lilikuwa na jiwe la wino pamoja na kijiwe chake cha kusagia, maana wakati huo wino ulikuwa vidonge vidogo havishikiki kwa vidole. Kaburi hilo hilo lilikuwa na barua mbili zilizoandikwa kwenye vipande vya mbao, za ndugu wawili askari, Heifu na Jing, wanawaandikia nyumbani, wanamuomba mama yao awapelekee pesa na nguo. Karne ya tatu kabla ya Nabii Issa hiyo. Mtu alisaga wino akaandika mama nitumie nguo, na tunaisoma leo.

Baadae jiwe likawa na mapenzi ya ajabu. Mi Fu, aliyeishi 1051 mpaka 1107, alikuwa muandishi wa khati mkubwa na mchoraji, na alizama kwenye mawe haya mpaka akayaandikia kitabu. Inasimuliwa kwamba mfalme Huizong alimuita aandike mbele yake akampa atumie jiwe la kifalme, alipomaliza akapiga magoti amelikumbatia, akasema jiwe hili limeshaguswa na mtu mdogo kama mimi halifai tena kwa mfalme, mfalme akacheka akampa, na Mi Fu akatoka nalo mbio wino unamwagikia kanzu yake yote.

Lakini mie hadithi nnayoipenda zaidi ni ya Bao Zheng, 999 mpaka 1062, yule hakimu ambaye Wachina mpaka leo wakitaka kumsifu kadhi mwadilifu wanalitaja jina lake. Alikuwa mkuu wa Duanzhou kwenyewe yanakochimbwa mawe. Waliomtangulia walikuwa wakidai mawe mara kadhaa kuliko yale yanayotakiwa kupelekwa kwa mfalme, yanayozidi wanayagawa kwa wakubwa wa mji mkuu ili wapande vyeo. Bao Zheng akaamrisha yachongwe yale tu ya mfalme, hakuna ziada. Muda wake ulipoisha akaondoka bila ya jiwe hata moja, na hilo liliandikwa kwenye historia rasmi ya enzi ya Song. Angalia ilivokuwa basi, jiwe la kuandikia lilikuwa ndo kipimo cha rushwa.

Na usidhani ni habari ya wanaume peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1700 mji wa Suzhou kulikuwa na fundi mwanamke, Gu Erniang, kazi aliifunzwa na baba mkwe wake, na mumewe alipofariki karakana akaishika yeye. Wasomi walimpelekea mawe yao kutoka mbali. Suzhou iko mkoa wa Jiangsu, ndo huko huko wanakotoka madaktari wanaokuja Mnazi Mmoja na Mkoani.

Wino wa chupa ni mzuri kwa kujifunzia, watoto wa skuli huko China wanautumia na hakuna ubaya. Ila mara nyingi una weusi mmoja tu. Wino wa kusaga unaupima mwenyewe, mzito, mwepesi, wa kijivu cha mbali, na huo muda wa kusaga muandishi anatulia, anafikiria anachotaka kuandika kabla hajagusa karatasi. Mwaka 2006 uchongaji wa mawe ya Duan na She ulitiwa kwenye orodha ya taifa ya urithi wa China, na khati ya Kichina yenyewe ikaingia UNESCO mwaka 2009.

Assalaam alaykum. Mimi nasomesha chuoni hapa Micheweni na naandika khati kwa kalamu ya mwanzi. Nimepewa jiwe na mche wa wino na kijana aliyesoma China. Unafaa kwa herufi zetu? Na kombe je?
*Maalim, Micheweni*

Waalaykum salaam maalim. Kwa khati unafaa na unafaa sana, weusi wake umetulia. Saga uwe mzito kidogo kuliko wa burashi, alafu umimine kwenye kidau chako chenye nyuzi za hariri ndani ili kalamu isinywe kupita kiasi. Usichovye kalamu moja kwa moja juu ya jiwe, ncha ya mwanzi itaharibika na jiwe litakwaruzika. Waislamu wa China wana khati yao ya Kiarabu wanaiita Sini, herufi zina unene na wembamba wa burashi, na katika wanaojulikana zaidi leo ni Haji Noor Deen Mi Guangjiang, mzaliwa wa Shandong. Ukipata kazi zake ziangalie na wanafunzi wako, watafurahi.

Kombe hapana, maalim. Kombe, yaani aya zinazoandikwa kwenye sahani zikaoshwa kwa maji, linanywewa, na huo mche una gundi ya mnyama ambaye si wewe wala mimi tunayemjua, na una kafuri. Kombe libaki kwa zafarani na marashi kama mnavofanya. Na kwa sababu hiyo hiyo ya gundi, ukitaka kuandikia msahafu waulize kwanza masheikh.

Mwanangu kawacha mche wa wino umesimama juu ya jiwe usiku kucha, umegandia. Nimejaribu kwa kisu haubanduki. Nifanyeje?
*Mama, Jang'ombe*

Dada wacha kisu sasa hivi. Ile gundi ndani ya wino ndo imeshika, na ukilazimisha itaondoka na ngozi ya jiwe. Zungushia maji ya kawaida pale chini ya mche, yasiwe ya moto, ukae usubiri, yakikauka ongeza, mpaka mche uanze kucheza wenyewe, alafu uusogeze kwa upande taratibu, usiuvute juu. Ukitoka ufute ukauke kivulini. Jiwe liloweke kwenye maji, wino uliogandia usugue kwa dodoki laini, sio kwa steelwire wala mchanga. Na mwambie mtoto kila akimaliza kuandika aoshe siku ile ile, wino uliolala unanuka na unaharibu burashi.